Bima ya Kesi za Uzembe kwa Muuguzi wa Usingizi: Mwongozo Kamili kwa Walioko Tanga

Waulize wauguzi wa usingizi wa mkoa huu kama wana bima ya kuwakinga wakishtakiwa, na wapo watakaokujibu haraka kwamba wanayo. Hati ikitolewa kwenye bahasha na kusomwa, inaonekana siyo. Moja ni bima ya ajali binafsi: italipa ukiangushwa na bodaboda Chumbageni, lakini mgonjwa aliyedhurika mikononi mwako hatapata kitu. Nyingine ni ya dhima kweli, yaani ya kulipia madhara uliyomsababishia mtu, ila mwenyewe ameandikwa "muuguzi" basi, kana kwamba kazi yake ni kufunga vidonda wodini. Ya tatu inataka daktari bingwa wa usingizi awepo kila mgonjwa anapowekwa mezani, na mwenye hati hiyo yuko peke yake kwenye kituo cha afya Kilindi.

Chanzo cha makosa haya ni kimoja: watu huanza na bei. Bei iwe swali la mwisho. Kwanza kampuni ielezwe kazi yako kama ilivyo, na za usiku na za mchana, kisha hati isomwe kuona kama inakutambua wewe na mazingira yako.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usimpigie mtu wa bima kabla hujakusanya hivi:

- Leseni iliyo hai kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC).
- Cheti cha mafunzo ya usingizi. Cheti cha uuguzi peke yake hakitoshi.
- Barua ya ajira pamoja na maelezo ya majukumu. Kama barua yako inasema tu "Afisa Muuguzi", mwombe mkuu wa kituo barua fupi inayosema umepangiwa kutoa huduma za usingizi.
- Makubaliano ya zamu za ziada kwenye hospitali binafsi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.
- Kitambulisho cha NIDA na namba ya TIN.
- Muhtasari wa kazi zako za miezi 12 iliyopita: nusu kaputi ngapi, ganzi za mgongo ngapi, watoto wangapi, upasuaji wa uzazi mara ngapi.
- Kumbukumbu ya lalamiko, barua ya onyo au kesi yoyote, hata iliyokwisha.

Muhtasari huo utoe kwenye rejesta ya chumba cha upasuaji kwa kuhesabu tu. Usipige picha kurasa zenye majina ya wagonjwa na kumtumia wakala WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za afya pia, na utakuwa umejitafutia kesi ya pili kabla ya ile ya kwanza.

## Hatua ya 1: Jua nani atashtakiwa, na wapi

Hapa ndipo wengi hudanganyana kwenye chai: "Mimi ni wa Serikali, Serikali itanilipia." Kuna ukweli ndani yake, ila si wote.

Ukimdhuru mgonjwa ukiwa kazini Bombo, Magunga au hospitali nyingine ya umma, mdai kwa kawaida huielekea Serikali kama mwajiri. Anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa kwenye shauri. Fidia ikiamriwa, mwajiri ndiye wa kwanza kutazamwa. Hiyo ni njia moja.

Ya pili ni Baraza. TNMC humwita muuguzi kwa jina lake, na kinachokuwa hatarini ni leseni. Mwajiri hawezi kusimamishwa leseni kwa niaba yako.

Ya tatu ni jinai. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kutoa tiba kwa uzembe unaohatarisha maisha, na kifo mezani kinaweza kumleta mpelelezi wa polisi hospitali kabla hata ya ndugu kumaliza mazishi. Hapo anayehojiwa ni wewe. Hakuna bima itakayokutumikia kifungo wala kukulipia faini ya jinai. Inachoweza kufanya, kama imeandikwa hivyo, ni kukulipia wakili.

Ya nne ni zile saa unazotoka kazini na kupita hospitali binafsi "kusaidia sizeriani moja." Hapo hakuna Serikali nyuma yako. Hospitali inaweza kuwa na bima yake, na bima hiyo inaweza kuwa ya jengo na moto tu. Muulize mwenye hospitali kwa adabu lakini kwa maandishi: je, hati yenu ya dhima ya kitaaluma inawakinga wasio waajiriwa wa kudumu? Akijibu kwa mdomo, mwandikie ujumbe unaorudia jibu lake.

Ukimaliza hatua hii uwe na karatasi yenye mistari minne: mahakama ya madai, Baraza, jinai, zamu za nje. Mbele ya kila mstari andika nani atakulipia wakili leo, kama ulivyo. Palipobaki wazi ndipo unaponunulia bima.

## Hatua ya 2: Ieleze kazi yako kwa maneno ya kazi

Andika ukurasa mmoja. Taja vituo vyote unakofanyia kazi kwa majina. Taja dawa na njia unazotumia: ketamine, ganzi ya mgongo kwa bupivacaine, kupitisha mpira wa kupumulia, mashine ya halothane kama ipo. Taja umri wa mgonjwa mdogo kabisa unayemhudumia. Sema kama unamhudumia mgonjwa peke yako au yupo bingwa wa usingizi jengoni, na kama una wanafunzi unaowasimamia.

Sema pia usiyoyapenda kuyasema. Kwamba usiku uko peke yako na aliyepo ni daktari anayepasua, ambaye hawezi kuacha kisu akaja kukusaidia njia ya hewa. Kwamba mgonjwa akikushinda, rufaa ni gari la wagonjwa hadi Bombo au Hospitali Teule Muheza, kama gari lipo.

Sababu ni hii: mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu kabisa. Ukificha jambo ambalo lingeifanya kampuni ikatae au ipandishe ada, kampuni ina haki ya kuukana mkataba siku ya dai. Itakuwa imepokea ada zako miaka yote, kisha inakurudishia ukurasa wako wenyewe.

Mtu asiyekufahamu akiusoma ukurasa huo aweze kusema usiku wa Jumamosi unakuwa wapi na unafanya nini. Ukifikia hapo, sogea mbele.

## Hatua ya 3: Wakala au dalali?

Wakala ni mtu wa kampuni. Dalali wa bima (si yule wa viwanja) kisheria anakuwakilisha wewe na anaweza kupeleka ombi lako kampuni kadhaa. Kwa bima ya gari wakala anatosha. Kwa hii, ushauri wangu ni dalali, kwa sababu hati hujadiliwa kifungu kwa kifungu, na wakala wa mtaani mara nyingi hana idhini ya kubadilisha hata neno.

Wote wawili lazima wawe wamesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Omba namba ya usajili, na mwenye nayo atakutajia bila kuvimba. Ukifika mezani sema unataka bima ya dhima ya kitaaluma kwa watoa huduma za afya. Ukisikia wanaiita PI, ni hiyo hiyo. Ukisikia "ajali binafsi", "dhima kwa umma" au "fidia kwa wafanyakazi", mmepishana.

Kama mko wauguzi wa usingizi kadhaa, kwenda pamoja kunasaidia. Kundi lina nguvu ya kuomba vifungu vibadilishwe, nguvu ambayo mtu mmoja kutoka Pangani hana. Anzia chama chenu cha kitaaluma, TANNA, au tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa Serikali na afya, na uliza pia msaada wa kisheria unaoambatana na uanachama. Msaada huo si bima, ila unaziba mwanya wa kikao cha Baraza.

## Hatua ya 4: Chagua kati ya bima ya tukio na bima ya dai

Ukiruka sehemu zote, hii usiiruke.

Bima ya tukio huangalia siku jambo lilipotokea. Kama siku hiyo ulikuwa na bima, umekingwa, hata dai lije miaka mingi baadaye na hati ilishakwisha.

Bima ya dai huangalia siku dai lilipokufikia na ukaliripoti. Siku hiyo lazima bima iwe hai. Zaidi ya hapo, tukio lenyewe liwe limetokea baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye hati, yaani tarehe ya kurudi nyuma. Kampuni nyingi hupendelea aina hii kwa dhima ya kitaaluma, kwa hiyo huenda ndiyo utakayopewa. Si mbaya, mradi uijue tabia yake.

Chukua mfano. Umeanza bima ya dai tarehe 1 Januari 2026. Machi 2027 ganzi ya mgongo inapanda juu kupita kiasi, mama anaokolewa lakini anabaki na madhara. Wewe unaacha kulipia mwishoni mwa 2028, umehamishiwa ofisini na huingii tena chumba cha upasuaji. Novemba 2029 hati ya madai inafika. Mwaka tukio lilipotokea ulikuwa na bima, ila dai limekuja wakati huna. Hulipwi chochote.

Dai la Novemba 2029 halijachelewa. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara kama uzembe, na miaka 6 yakijengwa juu ya mkataba, kama vile mgonjwa aliyelipa hospitali binafsi. Kwa mtoto, muda huo hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka 18. Sasa fikiria kazi ya muuguzi wa usingizi kwenye kituo cha afya ni nini hasa: upasuaji wa uzazi. Kila mara mezani wako wawili, na mmoja wao ana muda mrefu kuliko utumishi wako uliobaki.

Kwa hiyo ukipewa bima ya dai, uliza mambo matatu na upate majibu kwa maandishi:

1. Tarehe ya kurudi nyuma ni ipi? Iwe siku ulipoanza kutoa usingizi, au angalau siku ya hati yako ya kwanza. Ikisogezwa mbele kila mwaka unapohuisha, kataa, maana kila mwaka unafutiwa mwaka uliopita.
2. Nikiacha kazi, nikistaafu au nikifa, naweza kununua muda wa nyongeza wa kutoa taarifa za madai baada ya hati kuisha? Wa miaka mingapi, na ada yake hukokotolewaje?
3. Nikiripoti tukio leo, kabla mtu hajadai, je, dai likija baadaye litahesabiwa kwenye hati ya leo?

Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, umepata kifungu chenye thamani kuliko punguzo lolote la ada.

## Hatua ya 5: Pima kiasi cha kinga

Ukitafuta mtandaoni utaangukia kurasa za Marekani, ambako muuguzi wa usingizi hujulikana kama CRNA na kinga iliyozoeleka ni dola milioni 1 kwa dai moja na dola milioni 3 kwa mwaka. Viwango hivyo vinatokana na mahakama za kule na bei za kule. Kitu kimoja tu ndicho cha kuazima: mpangilio wa namba mbili. Ya kwanza ni kikomo cha dai moja, ya pili ni kikomo cha mwaka mzima hata madai yawe mangapi.

Kabla ya ukubwa wa namba, uliza kama gharama za wakili ziko ndani ya kikomo au nje. Hebu tuseme kikomo chako ni shilingi milioni 100 kwa dai. Mahakama inaamuru fidia ya milioni 110, na wakili amegharimu milioni 20.

Gharama zikiwa ndani, wakili anakula kwanza: zinabaki milioni 80, nawe unadaiwa milioni 30. Zikiwa nje, kampuni inamlipa wakili milioni 20 na fidia milioni 100, nawe unadaiwa milioni 10. Hati mbili zenye namba ileile kwenye jedwali zimekutenganisha na milioni 20.

Angalia pia kiasi cha kujibebea mwenyewe kwenye kila dai. Kikiwekwa kwa asilimia bila kiwango cha juu, kinakua na dai. Omba kiasi maalumu unachoweza kukipata ndani ya mwezi bila kuuza kiwanja.

## Hatua ya 6: Jaza fomu ya maombi kwa mkono wako

Utaambiwa: "Sista, wewe saini tu hapa chini, mengine nitamalizia mimi ofisini." Jibu kwa upole: "Ahsante kaka, nitaijaza nyumbani nikuletee kesho." Anayesaini ndiye anayewajibika kwa kila jibu, hata liliandikwa na mwingine.

Kwenye "kazi", usiandike muuguzi. Andika "muuguzi wa usingizi, hutoa nusu kaputi na ganzi ya mgongo." Ambatisha ule ukurasa wa Hatua ya 2, na ndani ya fomu andika "tazama kiambatisho, ambacho ni sehemu ya ombi hili." Maneno hayo yanazuia mtu kusema baadaye kwamba hakuuona.

Kwenye swali la malalamiko ya nyuma, taja yote, hata lile ulilosafishwa. Swali la "je, unajua jambo lolote linaloweza kuzaa dai?" ndilo gumu, na ndilo linaloua hati nyingi. Kama mwezi uliopita mgonjwa hakuamka vizuri na ndugu wakaondoka na maneno, hilo ni jambo unalolijua.

Piga picha fomu nzima kabla ya kuikabidhi.

## Hatua ya 7: Soma rasimu ya hati kabla ya kulipa

Omba maneno kamili ya mkataba, si kipeperushi. Kisha tafuta haya.

Usimamizi wa daktari bingwa. Kifungu kikisema kinga ipo tu ukiwa "chini ya usimamizi wa daktari bingwa wa usingizi", na kituoni kwako hayupo, umenunua hewa. Omba kibadilishwe kiseme "kwa mujibu wa majukumu aliyopangiwa na mwajiri na leseni yake." Kampuni ikikataa, ondoka. Nasema hivi nikijua kuna wanaoona ni ukali, lakini sehemu kubwa ya wauguzi wa usingizi wa wilayani wanafanya kazi bila bingwa, na hati isiyoujua ukweli huo haina kazi kwao.

Masharti ya vifaa. Hati inaweza kutaka oksimita (kipimo cha oksijeni kwenye damu) kwa kila mgonjwa, kifaa cha kunyonya majimaji, na oksijeni. Ni masharti ya haki, nawe ungeyataka hata bila bima. Tatizo ni yakiwa na neno "wakati wote" bila kuzingatia umeme kukatika au betri kufa katikati ya upasuaji wa dharura. Omba yaongezwe maneno kuhusu dharura ya kuokoa maisha.

Mipaka. Kutoka Tanga mjini hadi mpaka wa Horohoro si safari, na kambi za upasuaji huwaita watu hadi pwani ya Kenya. Hati ya Tanzania haikufuati huko isipokuwa imeandikwa. Pemba nako iko ndani ya Jamhuri, lakini Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga. Ukienda kusaidia bila usajili wao, kampuni itasema ulifanya kazi nje ya leseni.

Kazi za kujitolea. Hati nyingine hukinga kazi unayolipwa tu. Kambi ya wikiendi bila malipo inabaki nje.

Wakili wa Baraza na wa polisi. Tafuta nyongeza inayolipia utetezi kwenye vikao vya nidhamu na uchunguzi wa jinai. Kwa mtumishi wa umma hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuwa na bima, kuliko hata fidia.

Nani anaamua kulimaliza shauri nje ya mahakama. Kampuni inaweza kuona bora ilipe yaishe, na kulipa huko kukasomeka kama umekiri. Omba kifungu kinachotaka ridhaa yako. Si kila kampuni itakubali.

Yasiyokingwa. Ulevi kazini, leseni iliyokwisha, kitendo cha makusudi. Hapo hakuna cha kujadili. Weka kengele ya simu miezi miwili kabla leseni haijaisha, kwa sababu siku moja tu ya leseni mfu ni siku moja bila bima.

Umefaulu kama unaweza kukitaja kila kifungu kati ya hivi na namba yake kwenye rasimu.

## Hatua ya 8: Lipa na uhakiki

Kinga haianzi kwa ahadi, huanza kwa ada kulipwa. Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, kamwe si kwenye simu ya mtu. Uliza kama bei uliyotajiwa imejumlisha VAT, maana bima hii hutozwa.

Ukipata kava noti, ile hati fupi ya kuonyesha umekatiwa bima, hakiki namba yake ya rejea kwenye mfumo wa TIRA MIS mtandaoni. Jina lako, tarehe na kampuni vilingane. Isipoonekana, piga simu siku hiyohiyo.

## Hatua ya 9: Siku mambo yakiharibika

Mgonjwa kwanza. Akishatulia, au akishafariki, kuna mambo ya kufanya kabla hujaenda nyumbani.

Kamilisha chati ya usingizi. Mapigo na shinikizo la damu huandikwa kila dakika 5. Palipo na pengo kwa sababu ulikuwa unakandamiza kifua cha mgonjwa, acha pengo. Usijaze kwa kukisia. Ukiwa na la kuongeza, liandike chini, na tarehe na saa unayoandika, na useme ni nyongeza. Chati iliyorekebishwa huonekana, na wakili wa upande wa pili hulipwa kuiona.

Hifadhi chupa na sindano zilizotumika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa ya kuzuia damu kutoka, tranexamic acid, kuchomwa mgongoni kwa kudhaniwa bupivacaine, kwa sababu vichupa hufanana. Chupa iliyotupwa ndooni haiwezi kukutetea, wala kumsaidia daktari wa zamu kujua la kufanya.

Zungumza na ndugu mkiwa pamoja na daktari aliyepasua. Waambie kilichotokea, mnachokifanya, na kwamba mnasikitika. Pole si kukiri. Kukiri ni kusema "ni kosa langu, nitawalipa", na maneno hayo karibu kila hati inayakataza bila idhini ya kampuni. Usikimbie ndugu kwa kuogopa bima. Watu wanaokimbiwa ndio wanaotafuta wakili.

Mjulishe mkuu wa kituo kwa maandishi. Kisha ijulishe kampuni, kupitia dalali, ndani ya saa zilizoandikwa kwenye hati, bila kusubiri mtu adai. Taja tarehe, kituo, aina ya upasuaji, kilichotokea, nani walikuwepo. Bila lawama, bila nadharia, na bila kuliweka jina la mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la chumba cha upasuaji. Hayo makundi ni ushahidi.

Ukiitwa polisi, nenda, ila omba wakili kabla ya kutoa maelezo. Ukipata notisi au samansi, ifike kwa kampuni siku hiyohiyo, kwa sababu siku za kujibu zinahesabiwa tangu ulipoipokea.

Kipimo cha hatua hii ni barua ya kampuni inayokiri kupokea taarifa, yenye namba ya rejea. Simu iliyopokelewa na "tumekusikia sista" haitoshi.

Kampuni ikikataa kulipa, itake ikuandikie sababu na kifungu inachokitegemea. Linganisha na picha ya fomu yako na kiambatisho. Kama hamkubaliani, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatisha hati, risiti, kava noti na ile barua ya kukiri kupokea taarifa.

## Hatua ya 10: Kuhuisha, kuhama na kuacha

Kila mwaka kabla ya kuhuisha, rudi kwenye ukurasa wa Hatua ya 2 na uurekebishe. Umeongeza hospitali? Umeanza kuhudumia watoto wachanga? Umepata mashine mpya? Yaingie. Fomu ya kuhuisha iliyojazwa "hakuna mabadiliko" kwa mazoea ni kosa lilelile la mwanzo limerudi na tarehe mpya.

Ukihama kampuni, usiiache ya zamani mpaka mpya iwe imekubali kwa maandishi tarehe yako ya zamani ya kurudi nyuma. Ukiacha chumba cha upasuaji kabisa, nunua muda wa nyongeza wa kutoa taarifa kabla hati haijaisha. Siku moja baadaye huenda wasikuuzie.

Hati zote, hata zilizokwisha, zipigwe picha na kuwekwa mahali pawili, na mtu mmoja nyumbani ajue zilipo. Mtoto uliyemsaidia kuzaliwa kwa upasuaji mwaka 2026 anaweza kufungua dai hadi 2047, kwa hiyo hati ya 2026 isitupwe kabla ya hapo.